Programu ya kusoma eksirei: daktari amekwama wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea kompyuta hapa Malindi. Nimeunda programu inayotambua nimonia kwenye eksirei ya kifua. Kwa picha nilizopakua kwenye intaneti, inapatia asilimia 97. Niongeze picha ngapi ndipo hospitali iikubali?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata ukiongeza laki, hazitakusaidia. Ulizikuta picha, ukajenga programu, sasa unaitafutia daktari. Nayaona haya kila mara na yananiuma, maana vijana wenye akili humaliza miaka humo. Mwaka 2021 wachambuzi walipitia kwa kina tafiti 62 za programu za kutambua korona kwa eksirei na CT, yaani picha za mwili vipande kwa vipande. Hawakupata hata moja ya kutumika kwa wagonjwa. Baadhi zilichukua wagonjwa watu wazima, zikawalinganisha na picha za watoto wasio na korona. Programu kama hiyo hujifunza kujua nani mtoto.

Nimonia ya mtoto mara nyingi hutambuliwa kwa kuhesabu pumzi na kutazama kifua kinavyobonyea, na dawa huanzwa bila eksirei. Hapo yako inamsaidia nani? Kifua kikuu ni kingine: watu ni wengi, wasoma picha wachache, na swali linajulikana, nani apimwe makohozi? Ndiyo maana mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilizikubali programu za kazi hiyo, tena kwa wenye miaka 15 na zaidi tu.

Au mchukue mzee wa Lamu aliyeanguka usiku akagonga kichwa. Avushwe kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, akafikishwe hospitali kubwa sasa hivi, au asubiri kukuche? Swali hilo peke yake linakupangia kazi: kumbakiza anayevuja damu ubongoni ni kosa kubwa kuliko kumsafirisha mzima, basi programu ielemee upande wa kusafirisha. Asilimia 97 haikwambii hayo. Nenda wodini, kaa na matabibu, uwaulize wanakwama wapi.

Nanyi wasomaji, wapo wanaowauzia programu za kusoma eksirei iliyopigwa picha kwa simu. Faili asilia ya hospitali, ya DICOM (muundo wa kuhifadhi picha za tiba), kwa kawaida ina maelfu ya viwango vya weusi na weupe; picha ya simu hubaki na 256, pamoja na mng'ao wa taa. Muulizeni muuzaji: inajibu swali gani, kwa mgonjwa wa umri gani, ilijaribiwa hospitali zipi? Akiwajibu kwa asilimia tupu, msimpe hata shilingi, ipelekeni picha kwa mtaalamu wa mionzi.