Barua kwa mwanangu: Auburn ya 2013, bahati au uwezo?

Mwanangu,

Umeniuliza swali ambalo huku Alabama linaweza kuvunja sherehe ya harusi: Auburn ya 2013, timu ya chuo kikuu cha Auburn ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ilikuwa timu nzuri kweli, au iliokota embe dodo chini ya mnazi kama wanavyokutania wenzako kazini? Unajua nyumba yetu inashangilia nani, lakini nitajitahidi kutenda haki.

Wenzako wana hoja. Mwaka 2012 Auburn walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Akaja kocha Gus Malzahn, na msimu uliofuata wakashinda 12, wakapoteza 2. Novemba 16 walikuwa mbele ya Georgia 37-17 katika robo ya mwisho, wakabweteka hadi Georgia wakapita, 38-37. Auburn wakafika jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wanahitaji yadi 18, muda unayoyoma. Nick Marshall, mrushaji wao, akaurusha mpira mbali, kwenye walinzi wawili wa Georgia. Wote wawili wakaurukia, ukawaponyoka, ukamwangukia Ricardo Louis wa Auburn aliyekuwa akikimbia nyuma yao. Yadi 73, 43-38. Hiyo siitetei. Wangeupiga tu chini, habari ingeishia hapo.

Mechi na timu ya chuo kikuu cha Alabama, Novemba 30, ni nyingine kabisa. Wako sare 28-28, saa imekwisha, kocha wa Alabama, Nick Saban, anadai arudishiwe sekunde 1, waamuzi wanatazama marudio, wanampa. Anamtuma Adam Griffith apige mkwaju wa kupitisha mpira kati ya milingoti kutoka yadi 57, kwa sababu mpigaji wa kawaida ameshashindwa mara 3 siku hiyo. Mkwaju ukapungukiwa. Chris Davis wa Auburn akaudaka mwisho kabisa wa uwanja na kukimbia nao mpaka upande wa pili, Auburn wakashinda. Watu wanaita bahati. Lakini Davis hakuwa amepotea njia! Malzahn alimsimamisha pale akijua kwamba mkwaju uliopungua unaruhusiwa kurudishwa, na kwamba kikosi cha Alabama cha mpigo kama huo kimejaa majitu ya kuzuia, si watu wa kumfukuza mkimbiaji.

Isitoshe, ukiziondoa dakika hizo mbili, timu bado ipo. Walikimbia na mpira wastani wa yadi 328 kwa mechi, wa kwanza nchi nzima. Kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo vikuu wanayocheza, dhidi ya Missouri, waliyoshinda 59-42, Tre Mason peke yake alikimbia yadi 304. Yadi 304 haziokotwi.

Kinachonisumbua mimi ni uchache wa mechi. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38, kwa hiyo mdundo mmoja mbaya una muda wa kufidiwa. Vyuo vina 12 tu kabla ya fainali, na mpira wenyewe umechongoka pande mbili, ukidunda haujulikani unaelekea wapi. Kumpokonya mtu mpira kunafundishika. Nani atauokota ukishaanguka, hapo ni karibu nusu kwa nusu. Kwa kipimo changu, ile ilikuwa timu ya kushinda mechi 10 iliyoshinda 12.

Tazama 2014. Malzahn yuleyule, Marshall yuleyule, wakamaliza na ushindi 8 na vipigo 5. Dhidi ya Texas A&M waliangusha mpira mara mbili katika dakika za mwisho, mara moja wakiwa karibu kabisa na mstari wa goli, wakafungwa 41-38. Sikumsikia mtu akilia bahati mbaya. Walisema timu imeshuka.

Na wenzako wakirudia tena ya Georgia, waulize kuhusu Januari 6, 2014, fainali ya taifa. Auburn waliongoza 21-3, kisha Florida State wakafunga zikiwa zimebaki sekunde 13, wakachukua ubingwa 34-31. Hiyo wanaiandika kwenye safu gani?

Mama yako anakusalimu, anasema upige simu Jumapili, lakini si wakati wa mechi.

Baba yako