Anza na Nazi: Ushauri kwa Aliyehamia Lamu Naye Hajui Kupika

Kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa nikipangisha vyumba viwili vya juu vya nyumba yetu mtaani Langoni, na wapangaji wangu karibu wote wamekuwa vijana walioletwa Lamu na kazi: walimu, wauguzi na makarani wa ofisi mbalimbali. Wengi hufika wakiwa hawajawahi kujipikia hata siku moja. Juma la kwanza hula mikahawani, juma la pili huanza kuhesabu shilingi zinazopotea, na juma la tatu hushuka jikoni kwangu wakiwa na daftari, wakiniomba niwaandikie namna ya kupika pilau, biriani, mahamri na samaki wa kupaka, vyote kwa mkupuo mmoja. Zamani nilikuwa nawaandikia. Siku hizi humpa mgeni mbuzi ya kukunia, nazi moja na bakuli, kisha nikakaa naye mpaka amalize.

Nafanya hivyo kwa sababu nimeona kwamba mtu anayejua kuchuja tui na kuliangalia likiwa motoni anaweza kupika wali, mchuzi wa samaki, mbaazi, mchicha, mihogo na ndizi mbichi bila ya kuandikiwa lolote, ilhali mwenye mapishi 20 daftarini asiyelijua tui huharibu yote 20 kwa kosa lile lile.

Basi tuanze sokoni. Nazi ya kupikia ni nazi iliyokomaa na kukauka, si dafu, wala si koroma, ambayo nyama yake bado ni laini na tui lake ni kidogo. Ishike mkononi uone kama ina uzito, kisha itikise karibu na sikio: maji yakicheza ndani ni dalili njema, na ikiwa kimya huenda imepasuka au imekauka kupita kiasi. Tazama macho yake matatu. Yakiwa na ukungu au unyevu, irudishe mahali pake. Wakati mwingine utapasua nazi nzuri kwa nje ukakuta imejaa joya, lile donge jeupe laini linalotokea nazi inapoanza kuota. Watoto hulipenda sana joya, lakini tui hutapata la kutosha, na kwa hiyo ni busara kununua nazi mbili hata kama unahitaji moja.

Ukiisha kuipasua, ikune kwa kuanzia ukingoni ukizungusha kifuu polepole, na usimame kabla ya kufikia ngozi ya kahawia, kwa kuwa ngozi hiyo hulitia tui weusi. Mimina nusu kikombe cha maji ya vuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, ifinye kwa nguvu kwa mikono yote miwili, kisha ichuje kwa kifumbu au kwa chujio la kawaida. Hilo ni tui la kwanza, tui zito, ambalo wazee hulijua kwa jina la kasimile; liweke kando katika chombo chake na usilichanganye na kitu. Rudia kwa vikombe vitatu vya maji upate tui la pili, ambalo ni jepesi. Machicha yanayobaki yafaa kuku. Wenye blenda husaga nazi iliyokatwa vipande pamoja na maji, nayo huchujwa vivyo hivyo. Sioni ubaya wake, mradi mara ya kwanza maji yawe kidogo ili upate tui zito la kweli.

Kutenganisha tui la kwanza na la pili ndilo jambo ambalo wageni hulidharau, na ndilo linaloamua chakula chako kitakuwaje. Tui ni mafuta yaliyotawanyika katika maji na kushikiliwa humo na protini. Moto ukiwa mkali nalo halikorogwi, protini huganda, mafuta hujitenga na kupanda juu, na chini hubaki maji yenye chembechembe. Hapo ndipo husemwa kwamba tui limekatika. Ndimu na ukwaju huweza kulikata pia vikitiwa kwa wingi wakati tui zito linachemka. Kwa sababu hiyo tui jepesi hutangulia, likafanya kazi ndefu ya kuivisha, na tui zito huja mwishoni, juu ya moto mdogo, nawe ukilichota kwa upawa na kulimimina tena ndani ya sufuria bila kuacha mpaka litokote kwa mara ya kwanza. Wakati huo usifunike chombo (wali peke yake ndio hufunikwa), na usiende popote.

Muuguzi mmoja aliyekaa kwetu alinunua changu mzuri, akatia tui lote kwa pamoja, akafunika sufuria, akatoka kwenda kupokea simu. Aliporudi alikuta mafuta yakielea na samaki amevunjika, akamwaga vyote. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba kesho yake alikwenda kununua viungo vya aina sita, akidhani kuwa kosa lake lilikuwa uchache wa viungo. Karatasi aliyoifuata ilikuwa imeandikwa tu "tia tui, acha lichemke", na mwandishi wake hakumwambia ni tui lipi, wala moto wa kiasi gani.

Chakula cha kwanza kiwe wali. Dukani huenda ukaulizwa wataka "mtele" gani, kwa maana Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, husema mtele na mtuzi pale ambapo wewe umezoea mchele na mchuzi. Jibu kwa lugha yako na utaeleweka. Kwa watu wawili au watatu, vikombe viwili vya mchele wa pishori na nazi moja vinatosha. Chambua mchele, uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uroweke kwa nusu saa, kisha uchuje. Chemsha vikombe vitatu vya tui jepesi pamoja na chumvi huku ukikoroga, tia mchele, koroga mara moja na uache. Tui likishuka hadi kulingana na uso wa mchele, mimina tui zito, geuza kwa mwiko taratibu kutoka pembeni, punguza moto na ufunike. Mwenye jiko la makaa hupunguza makaa ya chini na kuyapalia mengine juu ya kifuniko, ili wali uive kwa mvuke kutoka pande zote mbili kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Mwenye gesi ashushe moto mpaka wa mwisho kabisa na asifunue kila mara.

Michele haifanani, na hapa ndipo kipimo cha kitabuni kinapomwangusha mwanafunzi. Mchele uliokaa muda mrefu ghalani hutaka nusu kikombe cha tui zaidi, na mchele mpya ukiupa kiasi hicho hicho utageuka mashendea. Ndiyo maana namsihi kila mpangaji apike wali wa mchele ule ule, katika sufuria ile ile, siku nne au tano mfululizo, akibadilisha kiasi cha tui peke yake. Wengi huona ni kupoteza wakati. Waliokubali wote walikuwa wanapika wali wa kuchambuka kabla juma halijaisha. Jambo jingine la hapa kwetu ni maji: maji ya mji hutoka katika visima vya michangani Shela, na maji ya visima vingi kisiwani yana munyu, kwa hiyo yaonje kwanza ndipo ukadirie chumvi.

Baada ya wali uje mchuzi wa samaki, na kazi kubwa hapo ni kununua. Nenda mapema sokoni karibu na Ngome, kabla jua halijawa kali. Samaki mzuri ana macho maangavu yaliyojaa, ndani ya mashavu yake mna wekundu, na nyama yake ukiibonyeza kwa kidole hurudi mahali pake. Kwa anayeanza napendekeza changu au kolekole aliyekatwa vipande, kwa sababu nyama yao hustahimili. Tafi ni mtamu lakini ana miiba mingi. Mwombe muuzaji akuparie magamba na kumtoa matumbo, maana ni kazi ya muda mfupi kwake na ya nusu saa kwako. Nyumbani mpake chumvi, ndimu na thomu (kitunguu saumu) iliyotwangwa, mwache kwa robo saa. Kaanga kitunguu mpaka kiwe laini, tia nyanya mbili, kijiko kidogo cha manjano na pilipili nzima isiyopasuliwa, na nyanya zikishalainika kabisa mimina tui jepesi na ukwaju kidogo uliorowekwa. Tui likichemka mpange samaki, mpe dakika kama kumi, kisha tui zito kwa utaratibu niliokwisha kuueleza. Samaki akiwamo ndani usitumie mwiko tena. Chota mchuzi kwa upawa kutoka pembeni na kuumwagia juu yake, au shika sufuria kwa vitambaa viwili na uitikise.

Mbaazi na mchicha havina maelezo marefu. Mbaazi kavu hurowekwa usiku, huchemshwa bila chumvi mpaka zibonyee kwa vidole, kisha hutiwa kitunguu, manjano na tui kwa mpango ule ule wa jepesi kwanza. Mchicha huoshwa vizuri, kwa kuwa mchanga hujificha mashinani, hupikwa kwa maji yake wenyewe kwa dakika chache tu, na hupewa tui zito kidogo mwishoni. Mboga nyingi hutuletea wenzetu wa bara, kutoka miji ya Mpeketoni na Hindi, na siku boti zinapochelewa soko huwa tupu. Mwenye mbaazi kavu kabatini halali njaa siku hiyo.

Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wengi wasiweze kutoka, samaki hupungua na bei yake hupanda. Usilazimishe. Nunua ng'onda au papa mkavu, mroweke katika maji ya moto na kuyabadilisha mara mbili au tatu mpaka ukali wa chumvi upungue, kisha mpike kama samaki mbichi lakini usitie chumvi yoyote kabla ya kuonja.

Yapo mambo ya usalama ambayo nayasisitiza kuliko ladha. Jodari na nguru waliokaa juani hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa, na anayewala huweza kuwa mwekundu usoni, kuwashwa mwili na kuumwa na kichwa; bei ikiwa rahisi mno saa nane mchana, jiulize samaki huyo amekuwa wapi tangu alfajiri. Bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha, asiliwe kabisa, hata ukipewa bure. Chakula cha tui huchacha upesi katika joto letu, na wali uliolala nje ya friji huweza kuwa na sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi, kwa hiyo pika wa kutosha mlo mmoja, au uweke katika friji mara unapopoa. La mwisho, na hili sina mzaha nalo: usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha, wala usililaze ndani likiwa na makaa mekundu ati upate maji ya moto asubuhi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Pikia uani, kwenye sakafu ya juu iliyo wazi, au mlango na dirisha vikiwa wazi.

Katika mwezi wako wa pili wa kupika unaweza kujaribu samaki wa kupaka, ambaye kwa aliyekwisha kulizoea tui si mgumu: samaki huchomwa juu ya makaa, na tui zito hupikwa na thomu, pilipili na ukwaju mpaka liwe zito la kushika kijiko, kisha hupakwa pande zote huku samaki akigeuzwa. Pilau ifuate baadaye. Biriani naomba uiache kwanza, kwa kuwa huunganisha nyama, sosi na wali ulioivishwa nusu, na kila kimoja kina wakati wake wa moto. Hujifunzwa kwa kuitazama ikipikwa. Majirani wa Lamu ni wakarimu, nawe utaalikwa kabla mwaka haujaisha. Siku hiyo usifike wakati wa kula. Mwambie mwenyeji wako mapema kwamba ungependa kusaidia, fika asubuhi, na uombe upewe mbuzi ukune nazi, kwani anayekuna nazi huketi katikati ya jiko, na hapo huona kila kinachotiwa chunguni na wakati kinapotiwa.