Tulum na mama mwenye presha

Dada nimekuelewa, mko Cancún, Mexico, na unaogopa ziara ya Tulum, kwenye magofu ya kale ya Wamaya, itamchosha mama mwenye presha. Nendeni tu, ila chukueni basi la alfajiri kabisa maana ni kama kilomita 130 na mkifika saa sita mchana jua ni kali mno, kivuli cha kutafuta, mawe yanakurudishia joto usoni. Mamangu nilimkalisha chini ya mti, mijusi mikubwa imejianika pembeni, mwongozaji akamweleza habari za El Castillo, lile jengo kubwa la magofu, palepale. Ulizeni kama kiingilio kimo kwenye bei ya ziara, mimi nilidaiwa tena getini. Dawa zake abebe mkononi, asiache kwenye basi, na aonane na daktari kabla. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, msisubiri kundi, tafuteni hospitali.