Besi wa mto mkubwa hakai katikati

Miaka miwili ya mwanzo nilivua mto mkubwa kama mtu anayevua bwawa. Nilisimama ukingoni nikitupa mshipi mbali kadiri mkono ulivyoweza, nikiamini wakubwa wote wako kule kwenye kina. Nikarudi mikono mitupu mara nisizoweza kuhesabu. Kumbe besi, samaki hawa wawindaji, walikuwa hatua chache tu kutoka miguuni pangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakurupusha kwa kuingia majini kwa vishindo.

Besi hashindi akipigana na mkondo. Hutafuta kinga: jiwe, gogo lililozama, nguzo ya daraja, ncha ya ukingo iliyojitokeza. Hujibanza kwenye utulivu, kichwa kikielekea maji yanakotoka, akingoja kuletewa chakula. Ndiyo maana siku hizi nikifika sitoi ndoana kwanza. Nautazama uso wa maji, natafuta ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji yaliyolala. Povu na majani makavu yanayozungukazunguka hukuonyesha. Na penye jiwe kubwa, usikimbilie nyuma yake tu. Maji yakiligonga huacha kijisehemu kitulivu mbele yake, na besi mwenye njaa hukaa hapo hapo.

Tupa chambo juu ya mahali hapo, kisha kiache kiteremke na mkondo. Kamba wa maji yasiyo na chumvi, ambaye besi hupenda sana kumla, hapandi kwa urahisi mto wenye kasi, kwa hiyo chambo bandia cha umbo lake kinachopanda mto humtia besi shaka. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, ndilo lililonitesa zaidi. Nilifunga zito nikidhani ndilo la mto mkubwa, nikaacha ndoana chungu nzima kwenye mawe. Linalofaa hugusa chini, likainuka, likagusa tena. Likikwama kila mara, punguza. Usipoihisi chini kabisa, ongeza. Beba ya uzito mbalimbali, kwani mkondo wa jana si wa leo.

Mto ukijaa, besi huufuata hadi kwenye vichaka na nyasi zilizofunikwa. Ukianza kupungua hutoka mapema, wakajipanga kwenye midomo ya vijito kusubiri visamaki vinavyosombwa kutoka huko. Mimi maji yanayopungua ndiyo sikukuu yangu.

Besi wa aina ya mdomo mdogo hupenda mawe na maji ya baridi yanayotembea. Yule wa aina ya mdomo mpana utampata pembeni kwenye maji yaliyotuama, majani na magogo. Ukitaka kuwatofautisha, mtazame akiwa amefunga mdomo: taya la juu la mdomo mpana hupita jicho.

Maji yakifika nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, besi hutaga, na dume hubaki kulinda kiota. Hao nawaacha. Ukimwondoa dume, visamaki vingine humaliza mayai upesi.

Akinasa mkubwa, usimvute kupanda mkondo. Nilifanya hivyo mara moja, mshipi ukakatika nikabaki nimeshika ufito. Teremka naye ukingoni, ukiwa umevaa koti okozi na ukipapasa chini kwa mguu kabla ya kukanyaga, hadi mfike kwenye maji matulivu. Hapo mshike taya la chini, na kama ni mzito mtegemeze tumbo kwa mkono wa pili.