Maswali ya ruta: IP ya nje moja, mashine moja

Asalam alaykum, maswali manne leo kuhusu NAT, yaani ruta kubadilisha IP ya ndani kuwa ya nje na ya nje kuwa ya ndani.

*Nna gesti Paje, DVR (mashine ya kurikodi kamera) nimeifungulia poti, fundi anataka kuweka NAT ya IP moja kwa moja. Tofauti yake nini?*

Kubwa ndugu yangu. Poti moja ni kidirisha, anaegonga pale tu ndo anafikishwa kwa DVR. Hii nyengine IP nzima ya nje anapewa DVR, poti zote, na yenyewe ikitoka inatoka kwa IP hiyohiyo, ndo maana wenye seva za imeli wanaipenda. Sasa kama faiwali haizuii kitu basi umeuacha mlango wazi usiku kucha, na 2016 kirusi cha Mirai kiliteka vifaa vya namna hiyo kwa paswedi za kiwandani tu. Kwa kamera mie sikubali kabisa, mwambie akuwekee VPN, njia ya siri ya kuingilia ndani ukiwa nje.

*Nipo Wete, nimeseti kila kitu lakini nje haingii mtu. WAN (upande wa ruta unaotoka kwenye intaneti) inasoma 100.72.15.9.*

Hiyo sio IP yako peke yako kaka. Kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa 2012 kwa kampuni za intaneti, wateja wengi wanatokea kwa IP moja. Ruta yako haina kosa, waombe IP ya nje ya kudumu.

*Ofisi yetu Darajani ina ruta ya MikroTik. Seva 192.168.10.20 inafikika kutoka nje kwa 203.0.113.4, lakini ikitoka inaonekana na IP ya ruta.*

Hapa nimeshakesha mpaka adhana ya alfajiri, kwa hiyo skia vizuri. dst-nat yako (sheria ya wanaoingia) iko sawa, angalia src-nat (sheria ya seva ikitoka), nahisi iko chini ya masquerade, ile sheria inayowatoa wote kwa IP ya ruta. Ruta inasoma sheria kuanzia juu na ya kwanza kukubali ndo inayofanya kazi, kwa hiyo seva inachukuliwa na masquerade kabla haijafika kwa src-nat yako. Ivute juu, halafu futa koneksheni za zamani za seva ile, maana NAT inaamuliwa pakti ya kwanza tu, zilizokwisha funguka zitaendelea na IP ya zamani ukadhani hujafanya kitu.

*Nikiwa ndani ya ofisi hiyohiyo IP ya nje ya seva haifunguki, kwa bando la simu inafunguka, kwanini?*

Seva inakujibu moja kwa moja kwa IP ya ndani, kompyuta yako inalikataa jibu maana haikumuuliza huyo. Weka hairpin NAT, yaani jibu la seva lirudi kwanza kwa ruta, au DNS ya ndani (inayogeuza jina kuwa IP) ilete 192.168.10.20, mie hii ya pili ndo naipenda.