Mtoto anapokojoa kitandani: tulivyoishi na jambo hili nyumbani

Mwanangu wa pili aliingia darasa la kwanza akiwa bado anakojoa kitandani karibu kila usiku. Likaisha taratibu, na tangu hapo kina mama wenzangu wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza tulifanyaje. Naandika kwa kirefu kwa sababu kuna watoto watakaochapwa kesho asubuhi kwa jambo ambalo hawakulifanya kwa kutaka.

Mtoto aliye usingizini hachagui kukojoa. Mwili una homoni inayopunguza mkojo usiku, na kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kufikia kiwango chake. Wengine kibofu chao bado kidogo. Wengi usingizi wao ni mzito mno, kibofu kikijaa hawashtuki. Ndiyo maana kabla ya miaka 5 madaktari hawalihesabu kuwa tatizo. Hata wakifika miaka 5, watoto kama 15 katika 100 bado hukojoa, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana, na kila mwaka baadhi yao huacha wenyewe bila dawa yoyote.

Tena ni jambo la ukoo. Mzazi mmoja akiwa alikojoa utotoni, uwezekano wa mtoto kukojoa ni kama asilimia 44. Wakiwa wote wawili, hupanda hadi 77. Mama mkwe alipokuja kutusalimia aliona shuka zimeanikwa, akaninong'oneza, "Hata baba yake tulimfulia mpaka darasa la nne." Nikamwomba, "Mama, naomba umwambie mjukuu wako mwenyewe." Akamwita, akamkalisha naye mkekani, akamsimulia yote. Mtoto akauliza, "Baba? Baba huyu huyu?" Bibi akaapa. Jioni ile mwanangu alimsubiri baba yake mlangoni, na kwa mara ya kwanza wakaliongea jambo hilo huku wanacheka wote wawili.

Mtaa niliokulia, mtoto wa namna hii alibebeshwa godoro kichwani akazungushwa, wenzake wakimfuata nyuma wanamwimbia. Sikuona aliyepona kwa hilo. Walichojifunza ni kuficha shuka mbichi uvunguni. Kwetu tulikubaliana kwamba jina la kikojozi halitamkwi ndani ya nyumba hii, na dada wa kazi, kaka yake na binamu zake wote wakaambiwa mapema, kabla hata ya mtu kuteleza ulimi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wengi hukazana kumnyima mtoto kikombe cha jioni. Mimi nilianza kwa kuangalia mchana wake. Shuleni hakuwa anakunywa maji kabisa, kwa sababu choo cha shule kilikuwa kichafu na alikiogopa. Alibana mkojo, alibana hata haja kubwa, kisha akifika nyumbani saa kumi anakunywa kama aliyetoka jangwani, na usiku juu yake tunamwekea chai ya rangi na ugali wa saa tatu. Kibofu kingewezaje kuhimili? Tukampa chupa ya maji ya kwenda nayo, tukamwomba mwalimu wake amruhusu kutoka kila anapoomba, chakula cha usiku tukakirudisha saa kumi na mbili na nusu, chai ya majani na soda tukaziondoa jioni. Akiwa na kiu hupewa maji kidogo. Mtoto hanyimwi maji.

Haja kubwa nayo msiidharau. Choo kigumu kikijaa tumboni hukibana kibofu, na mzazi anaweza kuhangaika na mkojo mwaka mzima kumbe tatizo ni tumbo. Papai, mboga za majani, maharage na maji ya kutosha mchana vilimsaidia sana wa kwangu.

Halafu kuna giza. Choo chetu kiko nje, ng'ambo ya ua. Mtoto wa miaka 6 anaweza kushtuka kabisa kuwa amebanwa, akaogopa kutoka, akalala tena. Tuliweka ndoo yenye mfuniko pembeni ya kitanda na taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha. Tofauti ilionekana upesi kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Kumwamsha usiku kunasaidia godoro lisilowe, lakini hakumfundishi kuamka. Ukimwamsha, aamke kweli, atembee kwa miguu yake. Usimbebe akiwa amelala ukamkojolesha.

Kitanda chenyewe tulikitandika hivi: godoro la sponji limefunikwa lote kwa nailoni nene ile inayouzwa kwa mita, juu yake shuka, juu ya shuka nailoni nyingine, kisha shuka ya pili. Akilowa usiku unavuta tabaka la juu lote, chini kuna kitanda kikavu, na kila mtu anarudi kulala. Shuka suuza kwanza kwa maji matupu kabla ya sabuni. Harufu ikikaidi, loweka kwenye maji yenye siki, kisha anika juani. Na mtoto aoge kila asubuhi kabla ya shule, kwa sababu harufu ndiyo inayomchongea kwa wenzake.

Ukitaka kumzawadia, mzawadie anachokimudu, kama kwenda chooni kabla ya kulala au kusaidia kubeba shuka. Usimpe zawadi kwa kuamka mkavu, kwa sababu hilo haliko mikononi mwake.

Yapo mambo yanayotaka hospitali bila kungoja. Kiu isiyoisha na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Maumivu wakati wa kukojoa au homa, apimwe mkojo. Damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, hasa kwa watoto wa Kanda ya Ziwa na Pemba. Anayekoroma sana usiku naye aangaliwe koo. Na mtoto aliyekuwa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, muulize kwa upole kilichobadilika: mdogo aliyezaliwa, msiba, wazazi kutengana, au mtu anayemfanyia ubaya. Hilo la mwisho ni gumu kulitamka, lakini uliza.

Akipita miaka 7 na bado anateseka, daktari ana njia nyingine. Ipo kengele inayolia mkojo unapoanza tu kutoka, njia iliyoelezwa Marekani mwaka 1938 na mwanasaikolojia Mowrer na mkewe na inayotumika hadi leo. Inahitaji miezi kadhaa na mzazi aliye tayari kuamka. Ipo pia dawa ya desmopressin, inayopunguza mkojo wa usiku kama ile homoni ya mwili, kwa maelekezo ya daktari tu, kwa kuwa maji mengi juu yake ni hatari.

Na likizo ikifika, shangazi akimwita, usimzuie. Mpigie wifi yako kabla, mwambie ukweli wote mwanao asikie unavyosema kwa heshima, mfungie nailoni yake na shuka mbili kwenye begi, na umpe shangazi jukumu la kumwamsha asubuhi kabla ya binamu zake.