Jibu: Usitume mtaji wote Guangzhou kwa maneno ya tajiri

Wewe wa Katuba uliyeuliza hapa kuhusu kuagiza mzigo Guangzhou, China, simama hapo hapo. Tajiri wenu amewaambia China haina wasiwasi kwa sababu serikali yake ni kali na haina kelele za uchaguzi, sasa unataka kutuma mtaji wote wa vikwembe, yaani vitenge, kwa mpigo? Wimbo huo niliimbiwa hapa hapa Lubumbashi, kwenye ukumbi wa hoteli, na soda ya bure juu.

Patron wetu alituonyesha bilionea wa Marekani, Ray Dalio, kwenye simu. Mwisho wa 2021 Dalio aliulizwa kuhusu watu wanaotoweka China, akaifananisha serikali ile na mzazi mkali. Tukapiga makofi, maana nani hapa hakulelewa kwa fimbo? Patron hakusema kwamba kampuni ya Dalio, Bridgewater, ilikuwa inafanya biashara ya kusimamia pesa za Wachina hukohuko. Wala hakusema, mwizi yule mwenye tai, kwamba yeye mwenyewe anakula kamisheni kwa wauzaji aliotupangia.

Nikachanganya mtaji na likelemba, pesa za mchezo wa kupeana zamu, ya dada zangu, nikamlipa muuzaji wa vitambaa wa soko la Zhongda, wilaya ya Haizhu huko Guangzhou, asilimia 100 kabla ya kuona mzigo, mzigo uwahi Noeli. Novemba 2022 mzazi mkali akaifunga Haizhu kwa ajili ya Kovidi. Kazi zikasimama, vibarua waliotoka Hubei wakavunja vizuizi usiku. Muuzaji wangu amefungiwa ndani, ananitumia picha za kabichi anazopika. Mimi nimuombe nini, mapishi? Halafu tarehe 7 Desemba serikali ileile ikalegeza masharti ghafla, bila kumuuliza mtu, kama ilivyofunga. Vikwembe vyangu vya kengele za Noeli vilivuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, watu wako kwenye Kwaresima. Mama mmoja alinunua akashona mapazia. Cheka tu, ni mteja.

Dada zangu hawakucheka.

Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, ni tajiri wa China wenyewe, na Novemba 2020 serikali ilimzuilia hisa za Ant Group, kampuni yake ya malipo ya simu, siku 2 kabla hazijaingia sokoni. Wewe wa Katuba utamlalamikia nani? Au mtazame Bill Browder, mwekezaji wa kigeni: alimsifu Putin wakati mali yake iko Urusi, 2005 akakatazwa kuingia, sasa anamlaani kila siku. Putin ni yuleyule.

Kwa hiyo tajiri akisifu serikali ya nje, uliza kwanza mali yake iko wapi na atapoteza nini akiisema vibaya. Kama anayo huko, msikilize akizungumzia bei. Ya serikali waulize waliofungiwa ndani.

Maswali yako ya viza na ya kubadilisha dola watakujibu wengine. Wewe lipa asilimia 30, inayobaki ulipe mzigo ukiwa tayari kupakiwa, muuzaji akikataa tafuta mwingine. Na huyo tajiri wenu anapata kamisheni ngapi? Muulize mbele ya watu, uniandikie hapa alivyojibu kabla hujatuma hata franka moja.